Neno Lililozaliwa Lipewe Mlango Wake

Jioni moja Kamanyola nilikuwa nimekaa barazani na msichana wa shule, mtoto wa jirani, tukifunua kamusi ya Kiswahili sanifu niliyokuwa nimekuja nayo. Mama yake alikuwa uani akipika sombe, yaani majani ya mihogo. Mara akaita, “Tosha sufuria ku moto!” Msichana akainuka, akaipua sufuria, akarudi kukaa. Hakurudi kwenye ukurasa tuliouacha. Alikwenda moja kwa moja herufi ya T, akaitafuta tosha. Kamusi ikamwambia kwamba tosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Akasoma kwa sauti, akasoma tena kimoyomoyo, kisha akaniuliza, “Mwalimu, mama alikosea?”

Nilimjibu kwamba mama hakukosea, lakini sikuweza kumwonyesha kwa nini palepale. Makala hii ni jibu alilonidai tangu siku ile.

Tuanze na kanuni ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anayo hata kama hakuwahi kufundishwa. Moto unawaka, mtu anauwasha. Maji yanachemka, mtu anayachemsha. Mzigo unaanguka, mtu anauangusha. Mtoto anaamka, mama anamwamsha. Abiria anashuka, dereva anamshusha. Ka ya mwisho inageuka sha, na kitendo kilichojitendekea kinapata mtu wa kukitenda. Sasa sufuria inatoka motoni: anayeifanya itoke anafanya nini? Kwa kanuni hiyohiyo, anaitosha. Watu wa Kivu na Katanga wamelifuata neno toka mpaka mwisho wa njia yake. Kiswahili sanifu kwa kazi hiyo kina toa, na umbo la tosha kimelipa maana ya kutopungua. Na hiyo maana ya kutopungua, watu wa Kamanyola wanaisemaje? Wanasema “inaenea”. Ukimpimia mtu unga sokoni, akiona kiasi kinamfaa anakwambia inaenea, ilhali katika sanifu kinachoenea ni habari, ugonjwa au harufu. Maneno yaleyale, yaliyozaliwa kwa njia ileile, yamekaa kwenye viti tofauti.

Hapo ndipo ugumu wa maneno yaliyozalishwa ulipo. Mtunga kamusi akidhani kwamba kinyambuo ni kivuli tu cha mzizi wake, kwamba ukiujua mzizi na kanuni umelijua neno zima, atamwacha mwanafunzi njiani. Kanuni inatuambia neno limezaliwaje. Haituambii limekwenda kuishi wapi.

Wenye kazi hii ya kamusi wana maneno mawili ninayoyapenda sana. La kwanza ni kitomeo, yaani neno pamoja na maelezo yake kama yalivyopangwa kamusini. Limetokana na kutomea, kazi ya waashi wa pwani ya kuchomeka vijiwe vidogo na chokaa kwenye ukuta wa mawe ili ushikamane. Kijiwe chenyewe ni kidogo, lakini ukikichomoa, ukuta unabaki na tundu. La pili ni mnyambuliko. Kunyambua ni kuvuta kitu kikaachana vipande, kama mpishi anavyoinyambua nyama iliyoiva vizuri. Kitenzi cha Kiswahili kinanyambulika hivyo: pika, pikia, pikwa, pikika, pikisha, pikiana, pikishwa. Kazi ya kamusi ya mwanafunzi ni kuamua ni kipande gani kati ya hivi kinastahili kuwa kijiwe chake chenyewe ukutani, na ni kipi kinatosha kutajwa tu.

Uamuzi huo umepita mikono mingi, na kila mkono umeacha alama.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, Kiswahili kwa Kiingereza, ilitoka chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Ilishika njia ya ukoo: nomino nyingi zilizozaliwa na vitenzi zilipangwa nyumbani kwa kitenzi chao. Ukitaka mapatano, nenda kwa pata. Ukitaka mchezo, nenda kwa cheza. Njia hii ina uzuri wake. Msomaji anaona familia nzima imekaa kwenye mkeka mmoja, mama, watoto na wajukuu, anatambua kwamba pato, kipato, mapatano na upatikanaji ni damu moja. Waliotunga kamusi za Kibantu sehemu nyingine walivutwa na uzuri huohuo. C. M. Doke na B. W. Vilakazi, katika kamusi yao ya Kizulu ya mwaka 1948, walipanga maneno kwa mashina, wakaviacha viambishi vya mwanzo pembeni.

Lakini njia ya ukoo inamtaka msomaji awe tayari anaujua ukoo. Chukua neno maendeleo, ambalo mtoto wa Kamanyola analiona kwenye vibao vya miradi tangu hajajua kusoma. Ili alipate kwenye kamusi ya mizizi, lazima avue ma- ya mwanzo, avue -o ya mwisho, abaki na endele-, atambue kwamba hiyo ni endelea, kisha aivue tena mpaka afike enda. Akifika huko ndipo aanze kuuliza kutembea kwa miguu kumegeukaje barabara, shule na zahanati. Mwenye uwezo wa kufanya safari hiyo yote haihitaji kamusi, na anayeihitaji kamusi hawezi safari hiyo. Na hapo hatujafika kwa mwizi, ambaye mtoto anatakiwa ajue kwamba baba yake ni iba, wala kwa mvuvi, ambaye mzizi wake umefichwa ndani ya vua.

Mto wetu unanisaidia kulieleza jambo hili. Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, unapita Kamanyola, unashuka bondeni mpaka unaingia Tanganyika karibu na Uvira. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, swali lililowasumbua wasafiri wa Ulaya lilikuwa kama mto huu unaingia ziwani au unatoka. Livingstone na Stanley walikuja kuhakikisha kwa macho yao mwaka 1871: unaingia. Wenyeji walikuwa wanajua siku zote. Mwanafunzi wa lugha yuko kama wale wasafiri. Anakutana na mto mdomoni, kwenye neno lililokwisha kuzaliwa, kitabuni, redioni, kanisani, na hajui maji yametoka wapi. Kamusi inayomwambia aanze na chemchemi inamwambia aanze na kitu asichokiona.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili mwaka 2004. Humo nomino imewekwa kwa herufi yake ya kwanza katika umoja: mpishi yuko M, upishi uko U, jengo liko J. Hilo lilikuwa jambo jema kwa msomaji. Vitenzi navyo vilikatwa kwa nukta kuonyesha mzizi, pik.a, na mwishoni mwa kitomeo vikapangwa vinyambuo kwa vifupisho: (tde) kwa kutendea, (tdk) kwa kutendeka, (tdn) kwa kutendana, (tds) kwa kutendesha, (tdw) kwa kutendwa. Mstari mmoja unabeba maneno matano. Karatasi imeokolewa, na mwanafunzi amepewa umbo.

Umbo, lakini maana hakupewa. Kwa pika hakuna hasara: pikia ni pika kwa ajili ya mtu, pikwa ni kutendwa, kanuni inamtosha. Shida inaanza pale neno linapokua likaondoka nyumbani. Tazama ona, kitenzi cha kila siku. Kwa kanuni, onea lingekuwa kuona kwa ajili ya mtu. Lakini ukimwambia mtu “unanionea”, umemshtaki: anakunyanyasa, anatumia nguvu zake kwa mnyonge. Humo tukapata uonevu na mwonevu. Onya lingekuwa kumfanya mtu aone, na kwa kweli lina harufu ya maana hiyo, kwani anayeonywa anafunguliwa macho, lakini limekaa kwenye hatari na adhabu, likazaa onyo. Kumfanya mtu aone kitu kwa macho kukahitaji neno lingine tena, onyesha, ambalo nalo likazaa onyesho na maonyesho. Kisha kuna onekana, mwonekano, maoni. Macho mawili tu, na nyumba nzima ya dhamira imejengwa juu yake: dhuluma, tahadhari, sanaa, mawazo. Mtunga kamusi akiandika (tde) onea akanyamaza, amemfundisha mtoto kusema jambo asilolikusudia.

Tatizo hili si letu peke yetu. A. S. Hornby alitunga kamusi ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi huko Japani, ikatoka Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaichapisha mwaka 1948 na kuieneza duniani. Kamusi za namna hiyo zina desturi ya kutundika neno lililozalishwa mkiani mwa kitomeo bila maelezo, kwa imani kwamba msomaji atakisia mwenyewe. Wafaransa nao katikati ya miaka ya 1960 walipata kamusi ya Jean Dubois ya Larousse, iliyowakusanya watoto wa neno chini ya mama yao, na pale neno lenye maana nyingi lilipokuwa na watoto wa koo mbalimbali, ikaligawa neno lenyewe, kila maana na watoto wake. Mwalimu wa Kongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa anaifahamu hamu hiyo ya kuona familia pamoja. Hata hivyo Kifaransa na Kiingereza vinaweza kumudu desturi ya mkiani kwa sababu watoto wao si wengi mno. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuzaa kijiji. John Kiango aliandika kitabu kizima mwaka 2000 juu ya namna ya kuunda vitomeo vya kamusi za Kibantu, na wingi wa hawa watoto wa vitenzi ni sehemu ya mzigo alioupima.

Sasa turudi Kamanyola, maana hapa mzigo unaongezeka.

Kamanyola iko bondeni, chini ya miteremko ya Ngomo, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira. Ng’ambo ya mto ni Rwanda, na ukishuka kidogo ni Burundi. Sokoni utasikia Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi, na wasemaji wa lugha hizo wakikutana wanasema Kiswahili. Mtoto wa hapa hafundishwi kunyambua kitenzi. Lugha ya nyumbani kwake nayo ina tabia hiyohiyo ya kurefusha kitenzi ili kiseme nani kamtendea nani, nani kamfanyisha nani. Anakuja shuleni na mashine ikiwa imewashwa. Ndiyo maana Kiswahili chake kinazalisha maneno bila woga, na ndiyo maana mazao yake hayakubaliani siku zote na yale ya pwani.

Kulikuwa na sababu ya kihistoria ya mazao hayo kutopimwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa sanifu, na Kamati iliyofuata ilikuwa ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa na kiti mezani. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvuka ziwa kutoka Ujiji na misafara ya biashara karne ya kumi na tisa, kikaota mizizi huku, kikazaa. Kamusi zilipokuja kuandikwa, ziliandika watoto waliozaliwa pwani.

Mfano mkubwa zaidi ya tosha ni tumika. Mgeni kutoka Dar es Salaam akiulizwa Uvira, “Unatumika wapi?”, anaweza kusimama kidogo. Kwake, kinachotumika ni kalamu, njia au neno. Kwa mtu wa Uvira, kutumika ni kufanya kazi: baba anatumika kiwanda cha sukari, dada anatumika hospitali, na mwenye kampuni anatumikisha watu kumi. Fuata ukoo uone. Tuma: mpe mtu safari ya kazi. Kutoka hapo tukapata mtume, aliyetumwa na Mungu, na mtumwa, aliyetumwa na binadamu mwenzake bila hiari. Tukapata tumia na matumizi, pale kitu kinapofanyishwa kazi kama mtu. Tukapata mtumishi na utumishi. Maana ya kumhudumia mwingine haiko mbali na tumika hata katika sanifu, kwani watu huitwa watumishi wa Mungu na watumishi wa umma. Kongo imeichukua maana hiyo ikaipanua mpaka ikafunika kila kazi ya mikono na ya kalamu. Katika neno hilo moja kuna kumbukumbu ya enzi ambazo kufanya kazi kulikuwa ni kutumwa na mtu mwingine. Kamusi inayoandika (tdk) tumika mwishoni mwa tuma au tumia, ikaishia hapo, imekifunga kitabu hicho kizima cha historia.

Hata jina la Kamanyola lenyewe limewahi kuzaa na kusahauliwa. Baada ya mapigano ya mwaka 1964 kwenye daraja la hapa, Mobutu alilichukua jina hilo akalipa kikosi chake cha jeshi, na baadaye uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukaitwa Kamanyola mpaka ulipobadilishwa jina mwaka 1997. Kulikuwa na vijana Kinshasa ambao Kamanyola kwao ilikuwa magoli na kelele za mashabiki, hawakujua kwamba kuna watu wanaamka asubuhi Kamanyola kwenda kulima mpunga na mihogo. Ndivyo neno linavyoondoka kwao. Anayelikuta huko lilikofika ana haki ya kuelezwa maana yake ya huko, na ana haki pia ya kuonyeshwa kwao.

Kwa hiyo mimi natoa rai yangu waziwazi. Neno lililozalishwa lipewe kitomeo chake katika kamusi ya mwanafunzi likiwa na mojawapo ya mambo matatu. Kwanza, maana yake isipoweza kukisiwa kwa kanuni, kama onea, endelea, endesha na pendelea. Pili, sauti zake zikiwa zimebadilika hata mtoto asiweze kumtambua mzazi, kama levya kutoka lewa, ogofya kutoka ogopa, mpenzi kutoka penda, na mwizi kutoka iba. Tatu, likiwa na maana inayotofautiana kutoka mahali hadi mahali ndani ya eneo la Kiswahili. Na kila kitomeo cha namna hiyo kimalizike kwa kumtaja mzazi, ili mlango usikate ukoo. Kwa neno la msichana wetu, ningeandika hivi:

tosha (1) kuwa na kiasi kinachohitajika, kutopungua. Chakula kiliwatosha wageni wote. Kongo mashariki: enea.

tosha (2) Kongo mashariki: kuondoa kitu mahali kilipo; toa. Tosha sufuria ku moto. Kutoka toka, kama washa kutoka waka.

Mistari michache tu. Haimpotezei mwanafunzi wa Morogoro chochote, na inamrudishia mwanafunzi wa Kamanyola mama yake. Tena inamfundisha kanuni ya ka na sha vizuri kuliko ukurasa wa sarufi, kwa sababu inamwonyesha kanuni hiyo ikifanya kazi jikoni kwao.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mamilioni ya wasemaji wameingia kwenye jumuiya hiyo na maneno yao mdomoni. Watunga kamusi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi wana kazi ya kuyasikiliza, na walimu wa Kivu wana kazi ya kuyaandika, wakianza na vitenzi, wakimfuata kila mtoto wa kitenzi mpaka alikoolewa. Msingoje mtaalamu aje na gari. Chukueni daftari, kaeni uani jioni, sikilizeni.

Msichana yule nilimwonyesha mistari hiyo miwili niliporudi Kamanyola. Akaomba kalamu ya risasi, akaandika ule wa pili pembeni mwa ukurasa wa T, kwa herufi ndogo, akaongeza jina la kijiji chake. Kamusi hiyo ninayo, na mstari wake bado unasomeka.